Mama Plasta na Sehemu ya Tatu

Mama Plasta alikuwa na ugomvi na kila steringi wa sinema anayevaa joho. Joho la nini, jamani? Mtu anaruka angani, anapita katikati ya moto, anapigana na mashine zenye mikono minane, halafu nyuma kaning'iniza kitambaa! "Ningekuwa mimi ndiye adui," alikuwa akisema, "nisingehangaika na makombora. Ningelidaka hilo joho, nikalizungusha shingoni kwake, nikavuta. Mchezo kwisha." Alipokuwa akisema hivyo mikono yake ilikuwa ikionyesha, na waliokaa karibu walisogea kidogo, maana mikono ile haikuwa ya mchezo.

Ilikuwa mikono ya kazi. Kwenye hospitali kubwa alikuwa na chumba chake mwisho wa korido, jirani na eksirei, chumba chenye beseni la maji, marundo ya bendeji na sakafu iliyoganda unga mweupe usiotoka hata ukiusugua kwa brashi. Mtu akivunjika, daktari anaitazama picha, anaandika, anamsukuma huko. Mama Plasta ndiye anayeukamata mguu na kuuvuta mpaka mifupa irudi mahali pake, huku mwenye mguu akilia kama anachinjwa na kumtukana yeye na ukoo wake mzima. "Nitukane tu, baba," alikuwa akiwaambia. "Ila usinipige teke, nitaupindisha makusudi." Wengi walidhani anatania.

Na alikuwa ameyaona, msidhani. Kijana aliyepigwa nondo na kundi la watu mpaka goti likageukia nyuma. Mjenzi aliyedondoka kutoka juu akafika na mfupa wa paja umechungulia nje ya suruali. Mabaharia wawili waliotwangana chupa, wakaletwa kwenye gari moja, wakaendelea kutwangana kwenye benchi lake wakisubiri zamu, mpaka akawatenganisha kwa kuwamwagia maji ya plasta. Siku nzima kazi yake ilikuwa kuokota watu waliovunjwa na watu.

Sasa mtu wa namna hiyo, siku ya mapumziko, ungetegemea apende nini? Nyimbo za taratibu? Thubutu! Alipenda sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu na za vita vya sayari, na kadiri majengo yalivyoporomoka ndivyo alivyofurahi. Ukimuuliza kwa nini, alikuwa na jibu lake, wala hakulionea haya. "Mle mtu anarushwa ukutani, ukuta ndio unavunjika. Yeye anajipangusa vumbi, anaendelea na safari. Mwaka mzima sijaona kitu kama hicho. Niacheni nione hata kwa uongo."

Lakini usije ukadhani alimeza kila kitu. Alikuwa mkali kuliko mkaguzi. Sinema za siku hizi alizilaumu kwa giza: watu wanapigana, huoni nani kampiga nani, unasikia vishindo tu. Safari za kurudi nyuma katika wakati alizichukia kabisa, eti mtu ameshakufa, umeshamlilia, umeshapenga kamasi, halafu anarudishwa kwa mashine. "Huo ni wizi wa machozi," alisema. Na jambo lililomkera kuliko yote ni pale steringi anapomweka adui chini ya goti, anamnyooshea ngumi, halafu anaingiwa na huruma, anamwacha. Hapo Mama Plasta alikuwa akisimama kabisa. "Mmalize! Mmalize, mjinga wewe! Sehemu ya pili anarudi huyo!" Na kweli, sehemu ya pili alirudi.

Mwenzake katika mapenzi haya alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Shemeji alikuwa fundi wa redio na televisheni, mwembamba, mcheshi, ulimi hauna mfupa. Sebuleni kwake alikuwa na televisheni pana kama mlango na spika alizozitengeneza mwenyewe, mbili ndefu kama makabati, na moja ya besi iliyokuwa ikitetemesha vikombe jikoni. Nyumba zenyewe zilikuwa za kupakana, ukuta mmoja watu wawili. Mwanzoni majirani walilalamika. Baadaye wakazoea, na mwishowe wakawa wanazifuata sinema kwa masikio tu, kama mchezo wa redio. Asubuhi bombani walikuwa wakimuuliza mdogo wake Mama Plasta, "Vipi, yule wa jana alipona? Maana tulisikia kipigo, tukasinzia."

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Mama Plasta alifika, akavua viatu, akakaa upande wake wa sofa, na ubishi ukaanza. Shemeji alikuwa mtu wa maadui. "Adui ndiye mwenye akili, shemeji. Ana mpango, ana nidhamu, watu wake wanamtii. Steringi ana nini? Ana misuli na uchungu wa kufiwa na wazazi." Mama Plasta alimjibu kwamba mwenye akili hasimulii mpango wake wote kabla ya kufyatua risasi. Walibishana kama chombo kikilipuka angani mlipuko unasikika au hausikiki. Walibishana kuhusu watu wa mjini: steringi akimtupa adui kupitia jengo la ghorofa, walio ndani wanakwenda wapi? "Nani anawafunga plasta wale?" aliuliza Mama Plasta. "Hawapo kwenye hadithi," alijibu shemeji, na wote wawili wakaangua kicheko.

Mdogo mtu hakuzipenda. Alileta chai, akakaa kwenye kiti cha pembeni na kitambaa chake cha kushona, akainua macho pale kelele zilipozidi. Siku moja alisema, "Kwani hawawezi kukaa chini wakazungumza, yakaisha?" Walimcheka mpaka chai ikamwagika. "Huyu naye!" alisema mumewe, akamfinya shavu. Mama Plasta alicheka zaidi ya wote, na alimpenda mdogo wake hivyo hivyo, kwa kumcheka. Yeye ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, mdogo alikuwa bado anavalishwa nguo, na Mama Plasta, ambaye mwenyewe hakujaaliwa mtoto, alimsuka, alimsomesha, akamwoza. Duniani hakuwa na mwingine. Alipomwona mdogo wake ameolewa na mtu anayechekesha na kupenda sinema, alijisemea kwamba sasa hata akifa, atakufa amepumzika.

Sasa hapa ndipo nataka msikilize vizuri.

Jumamosi moja alibadilishana zamu na mwenzake, yeye aingie kazini Jumapili, akaona badala ya kukaa nyumbani bure apite kwa shemeji. Alijua kuna "Ngumi ya Jua" sehemu ya tatu iliyokuwa ikisubiriwa na mji mzima. Sehemu ya pili iliishia steringi amezikwa ndani ya mwezi na adui yake, Mfalme wa Vumbi, ameketi juu ya kaburi anakula zabibu. Mama Plasta alikuwa hana usingizi kwa ajili ya mwezi ule.

Alipofika mlangoni alisikia spika zimefunguliwa mpaka mwisho. Ngurumo, vyuma, kitu kinabomoka. Na ndani ya ngurumo, mwanamke akipiga ukelele. Ukelele mrefu, ukakatika, ukaanza tena, halafu kishindo, halafu kimya cha mtu anayetafuta pumzi. Mama Plasta alisimama pale barazani na mkono wake umeinuliwa kugonga. Mnajua alichofikiri? Alifikiri, "Sehemu hii siijui. Loo! Ameipata mpya, na ameanza bila mimi!" Akakasirika. Akagonga kwa ngumi.

Shemeji alichelewa kufungua. Alipofungua alikuwa anahema, shati limetoka ndani ya suruali. "Shemeji! Mbona leo?"

"Mbona leo nini? Ndiyo sehemu ya tatu hiyo? Umeanza bila mimi?"

Macho ya shemeji yalikwenda kwenye televisheni, yakarudi. "Ndiyo yenyewe. Umekosa mwanzo, shemeji. Nisamehe, nilishindwa kuvumilia."

"Mwenye njaa wewe! Hata jioni usingoje!" Alimsema pale pale mlangoni kwa sauti kubwa, maana spika zilikuwa bado zinanguruma. Mdogo wake? Amelala, kichwa kinamuuma, alisema shemeji. Mama Plasta akasema basi asisumbuliwe, na kwamba yeye haangalii sinema kuanzia katikati, ataisubiri Jumapili ijayo ianzishwe upya. Akaondoka amenuna.

Jumatatu mdogo wake alisukuma mlango wa chumba cha plasta, picha ya eksirei mkononi, mkono wa kushoto umefungwa kwa kanga.

"Nimeteleza bafuni, dada."

Mama Plasta aliiweka picha kwenye taa. Mtu akiteleza hutanguliza kiganja, na kinachovunjika ni kifundo cha mkono. Amefunga vya namna hiyo mpaka akiwa amelala anaweza. Mdogo wake alikuwa amevunjika katikati ya kigasha, kati ya kiwiko na kifundo, mfupa mmoja, ule wa upande wa kidole kidogo, safi kama kijiti. Walioletwa na mvunjiko ule ni wale walioinua mkono kukinga uso. Walinzi. Walevi. Wake za watu. Alijua. Sisemi alishuku, nasema alijua, na roho ilimpasuka.

"Umeteleza?"

"Sabuni, dada. Sabuni tu."

Akachovya bendeji majini, akaifunga, akaisawazisha kwa kiganja taratibu kabisa, wala hakuuliza mara ya pili. Ukitaka sababu nitakupa, ingawa si nzuri. Shemeji alikuwa rafiki yake. Jumapili alikuwa na mahali pa kwenda. Akajiambia kuna sabuni na sabuni, na sakafu za bafu si zote sawa, labda aligonga ukingo wa karo. Uongo ambao angemzomea mwandishi wa sinema, aliumeza yeye mwenyewe bila maji.

Jumapili akaenda. Mdogo wake alikuwa jikoni anaosha vyombo kwa mkono mmoja. Shemeji alimkaribisha kwa mbwembwe, akamletea karanga, akaweka sehemu ya tatu tangu mwanzo, sauti juu. "Leo utakoma, shemeji. Hii ni balaa!"

Na ilikuwa balaa kweli. Steringi alitoboa mwezi kwa kichwa. Mfalme wa Vumbi aliponda jeshi zima chini ya kiatu chake, mmoja mmoja, na damu ikaruka mpaka kwenye kioo cha kamera. Siku nyingine Mama Plasta angekuwa amesimama. Siku hiyo alikaa ametega masikio, anasubiri. Alikuwa anasubiri yule mwanamke. Kila kilipobomoka kitu alisema moyoni, sasa. Kila ngurumo ilipokuja alishika ukingo wa sofa. Alimtamani atokee. Alimwomba Mungu atokee hata mara moja, hata kwa mbali, apige ukelele wake na kukatika, ili kila kitu kirudi kilivyokuwa. Mji ulianguka, wa pili ukaanguka. Sayari ikapasuka. Mwanamke hakutokea. Steringi akamkalia adui kifuani, na kwenye sinema nzima hakuna mwanamke aliyefungua kinywa isipokuwa malkia mmoja wa mashine aliyezungumza kama saa ya ukutani.

"Yuko wapi mwanamke?" alisema Mama Plasta.

"Mwanamke gani?" Shemeji hakutoa macho kwenye kioo. Alikuwa anatafuna.

"Aliyekuwa analia siku ile. Nilimsikia nikiwa mlangoni."

Taya za shemeji zikasimama. Alicheka kidogo, kicheko cha kutafuta njia. "Aa. Ile... ile ilikuwa nyingine, shemeji. Nilikuwa nimeweka nyingine."

"Uliniambia ni sehemu ya tatu. Uliniambia nimekosa mwanzo."

Spika zilikuwa zinaporomosha mlima. Shemeji akaweka bakuli la karanga chini, na uso wake ule wa utani ukaondoka, chini yake pakawa na uso mwingine ambao Mama Plasta hakuwahi kuonyeshwa. "Shemeji, wewe ni mgeni hapa. Ya ndani ya nyumba yangu niachie mimi."

Mama Plasta alimzaba kofi lililomtoa kwenye sofa.

Shemeji hakuwa mnyonge. Aliinuka na stuli mkononi, akaishusha begani kwa Mama Plasta, akairudisha tena ikampata mdomoni, na jino likatoka. Mama Plasta alilitema zuliani. Stuli ilipokuja mara ya tatu aliudaka mkono ulioishika. Miaka yote aliirudisha mifupa mahali pake, na mtu anayejua inavyoingia anajua inavyotoka. Alivuta, akazungusha, na kifundo kikalia kama muwa. Shemeji akapiga yowe. Mama Plasta akambamiza kichwa kwenye kabati la spika, mara moja, mara mbili, pua ikalala upande. Akamwangusha chini, akamkalia kifuani, akaanza kumpiga usoni kwa ngumi, kulia na kushoto, bila haraka, kama mtu anayetwanga. Uso ukaacha kuwa uso wa mtu anayemjua. "Mmalize!" alisikia mtu anasema. "Mmalize!" Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Akaacha ngumi, akashika koo.

Mdogo wake alikuwa ametoka jikoni. Alikuwa anapiga kelele, "Dada, basi! Dada, unaua mtu!" Alikimbilia dirishani akaita majirani kwa majina yao. Aliita hadi sauti ikakauka. Hakuna aliyekuja. Walikuwepo, walisikia kila kitu, kama walivyosikia Jumamosi ile, na Jumamosi nyingine kabla ya hiyo. Ikawa ni yeye mwenyewe aliyekwenda ukutani, akashika waya kwa mkono wake mmoja, akaing'oa plagi.

Nyumba ikatulia ghafla, masikio yakabaki yanavuma. Na kupitia ukutani jirani akaita, kwa uchangamfu kabisa, "Jamani, mbona mmezima? Si ndiyo kwanza imepamba moto!"

Vidole vya Mama Plasta vililegea. Chini yake shemeji alivuta pumzi kwa mkoromo, akakohoa damu. Alikuwa hai. Mama Plasta aliinuka, akamgeukia mdogo wake na kumfungulia mikono, ile mikono yenye damu hadi viwikoni. "Njoo, mdogo wangu. Yamekwisha. Njoo."

Mdogo wake alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukuta. Akainua ile plasta mbele ya uso wake. "Usinipige, dada."

"Mimi? Mimi nikupige wewe?"

Mdogo wake alipita pembeni, ameshika ukuta, akaingia chumbani. Akasikika anavuta droo. Mama Plasta akabaki amesimama na mikono yake imetanuliwa, hajui aiweke wapi, akaifuta kwenye gauni, ikazidi kuchafuka. Mdogo wake alipotoka alikuwa na mfuko wa nguo na viatu vya kutembelea.

"Twende," alisema Mama Plasta. "Chumba chako kipo vilevile. Kitanda kipo."

"Nakwenda kwa shangazi."

"Kwa shangazi kufanya nini? Huko kwenye watoto kumi! Mimi si nipo? Kwa nini usije kwangu?"

Mdogo wake alimtazama, na machoni mwake hapakuwa na hasira, afadhali ingekuwepo.

"Siku ile nilikuwa nyuma ya mlango wa chumbani, dada. Nilisikia ukigonga. Nikaijua ngumi yako. Nikanyamaza, nikasema moyoni, Mungu mkubwa, dada amenisikia, dada amekuja kunitoa." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Halafu nikakusikia unamgombeza. Unamgombeza kwa nini ameanza sinema bila wewe."

Mama Plasta alifungua mdomo. Damu ya jino ndiyo iliyotoka.

Sakafuni shemeji alianza kulalamika, mkono wangu, mkono wangu, nifungeni mkono. Mdogo mtu aliinama, akauokota mfuko uliokuwa umemponyoka.

"Kaa naye," alisema. "Nyie mnapatana."

Akatoka, wala hakufunga mlango. Jirani alikuwa amechungulia barazani kwake kuuliza kama umeme umekatika, akamwona anapita na mfuko wake, akamsalimia, naye akaitikia salamu.